Mlima Kwanza, Marathoni Baadaye

Rafiki, una umri gani? Kama umejibu miaka kumi na saba, au kumi na sita, au kumi na minane, basi soma kwa makini, maana habari hii inaanza na kijana wa umri wako.

Tarehe 30 Julai 2017, huko Premana, kaskazini mwa Italia, wanariadha wa nchi mbalimbali walijipanga kwa mashindano ya dunia ya mbio za milimani. Mbio za siku ile zilikuwa za kupanda na kushuka. Yaani unapanda mpaka pumzi zinakuishia, halafu unageuka na kuteremka kwa kasi. Aliyefika wa kwanza kwa upande wa wanaume alikuwa Victor Kiplangat kutoka Uganda. Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1999. Piga hesabu mwenyewe. Alikuwa hajatimiza miaka kumi na minane, na nyuma yake walikuwepo watu wazima wenye ndevu zao!

Miaka sita baadaye, tarehe 27 Agosti 2023, Kiplangat huyohuyo alishinda marathoni katika mashindano ya riadha ya dunia mjini Budapest, Hungaria. Alitumia saa 2, dakika 8 na sekunde 53. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ukiukimbia uwanja wa mita 400, unahitaji mizunguko zaidi ya 105. Hebu jaribu kuifikiria kidogo.

Sasa swali letu la leo ni hili: kwa nini bingwa wa milima hakurukia marathoni siku ileile aliyopewa medali? Ile miaka ya katikati ilikuwa ya nini? Jibu lake ni somo la afya, na linakuhusu wewe unayesoma pale Jipe, Ugweno, Usangi, Gonja au Same mjini. Siku hizi vijana wengi wanaona watu wanakimbia Kilimanjaro Marathoni pale Moshi, halafu wanasema, "Mwakani na mimi naenda kukimbia zile ndefu." Wengine hawajawahi kukimbia hata kilomita kumi. Ndiyo maana tunataka tuzungumze.

NJIA ALIYOPITA

Kiplangat anatoka mashariki mwa Uganda, katika eneo la Sebei, kwenye mitelemko ya Mlima Elgon. Watoto wa huko hupanda na kushuka tangu wakiwa wadogo, kama wewe unayetoka bondeni kwenda kwa bibi kule Ugweno. Baada ya ubingwa wa 2017 aliendelea na mazoezi na kuongeza umbali kidogo kidogo. Mwezi Aprili 2022, akiwa na miaka 22, alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Hamburg, Ujerumani, kwa saa 2:05:09. Huo ni muda wa mtu aliyeiva.

Mwaka huohuo akaenda Birmingham, Uingereza, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hapo kuna kisa. Akiwa anaongoza na mwisho umekaribia, alipotea njia! Aliingia barabara isiyo yake, akagundua, akarudi. Mtu mwingine angekata tamaa au angeishiwa nguvu. Yeye alimaliza kwa saa 2:10:55 na kuchukua medali ya dhahabu.

Na unajua nani alikuja wa pili? Mtanzania, Alphonce Simbu wa kutoka Singida, kwa saa 2:12:29.

Tulia kidogo hapo kwa Simbu, maana naye ana somo. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki mjini Rio. Mwaka 2017 akapata medali ya shaba katika mashindano ya dunia mjini London. Mwaka 2022 akapata fedha Birmingham. Halafu tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, akiwa na miaka 33, akawa bingwa wa dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule wa saa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Walipishana kwa sekunde 0.03, muda ambao hutoshi hata kupepesa jicho. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Kutoka shaba mpaka dhahabu, miaka minane!

Wasichana, msidhani tumewasahau. Stella Chesang, naye wa Uganda, alishinda mbio za dunia za milimani huko Wales mwezi Septemba 2015. Alikuwa na miaka 18. Mwaka 2018 alichukua dhahabu ya mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Australia. Na mwaka 2024, akiwa na miaka 27, alikuwa wa nane katika marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Umeona njia yenyewe? Mlima, kisha uwanja, kisha barabara ndefu. Hakuna aliyeruka darasa.

Tena si wao tu walioamua hivyo. Kanuni za riadha za dunia zinawazuia vijana wa chini ya miaka 20 kukimbia marathoni kwenye mashindano makubwa ya dunia. Kanuni hiyo haikuwekwa kuwaonea vijana. Imewekwa kwa sababu ya mwili.

MLIMA UNAFANYA NINI MWILINI?

Wewe wa Jipe una bahati ambayo pengine huijui. Ziwa Jipe liko kwenye mita kama 700 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukiinua macho unaiona milima ya Upare wa Kaskazini, na kilele cha Kindoroko kina mita 2,113. Ukienda Same, kule Upare wa Kusini, Shengena ina karibu mita 2,460. Kuna nchi watu wanalipa pesa nyingi kujengewa mashine ya kupanda. Wewe mashine yako iko nyuma ya nyumba.

Unapopanda, kila hatua unainua uzito wako wote. Misuli ya mapaja, makalio na vigimbi inafanya kazi kubwa na inadai oksijeni. Moyo unapiga haraka kuipelekea damu. Ukizoea kupanda kwa miezi mingi, moyo unakuwa na nguvu na unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Ndipo unaona kilima kilichokuwa kinakutoa jasho mwezi wa kwanza, mwezi wa sita unakipanda huku unapiga soga.

Jambo jingine zuri ni kwamba mwendo wa kupanda ni wa polepole, kwa hiyo mguu hauangukii ardhi kwa kishindo. Mapafu na moyo vinapata mazoezi makali bila mifupa kupigwapigwa. Ndiyo maana mlima ni mwalimu mzuri kwa kijana.

Lakini kushuka je? Hapo ndipo wengi wanapoumia. Unaposhuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki. Inavutwa huku imebeba uzito, na nyuzi zake ndogondogo zinachanika. Ndiyo maana kesho yake, na hasa keshokutwa, unashindwa kushuka ngazi bila kushika ukuta. Maumivu hayo huisha yenyewe, na misuli ikishajirekebisha inakuwa imara zaidi. Ila ukishuka kwa kasi kabla hujazoea, unaweza kuumiza goti au kuteguka kifundo cha mguu. Kwa hiyo miezi miwili mitatu ya mwanzo panda kwa kukimbia, shuka kwa kutembea. Ukianza kushuka kwa kukimbia, piga hatua fupi fupi, usijilaze nyuma, na macho yatazame mbele hatua chache, si kwenye vidole.

KWA NINI MWILI WAKO BADO UNASUBIRI?

Ukiwa kidato cha pili au cha nne, mifupa yako bado inarefuka. Karibu na ncha za mifupa kuna sehemu laini ambazo ndizo zinazokua. Zikipigwa kila siku kwa kilomita nyingi kuliko uwezo wake, zinauma na zinaweza kuharibika. Mishipa migumu inayounganisha misuli na mifupa, kama ule wa nyuma ya kisigino, nayo inakomaa taratibu kuliko misuli. Moyo na mapafu vinaweza kuwa tayari baada ya wiki chache. Mifupa na mishipa hiyo inataka miezi na miaka. Hapo ndipo mtego ulipo. Pumzi inakwambia "twende", kumbe muundi unasema "bado".

Jifunze kutofautisha kuchoka na kuumia. Kuchoka kunasambaa mwili mzima au miguu yote miwili, na ukilala kunapungua. Kuumia kunakaa mahali pamoja. Ukibonyeza kwa kidole unapajua, na kadiri unavyokimbia ndivyo maumivu yanavyozidi. Ukiona hivyo, simama. Pumzika siku kadhaa. Yakiendelea, nenda zahanati. Usiseme "nitavumilia mpaka mashindano ya UMISSETA". Mfupa uliopata ufa mdogo ukilazimishwa huvunjika kabisa, na hapo utakosa UMISSETA ya mwaka huu na ya mwakani.

Hata mabingwa wana siku zao. Kiplangat alikuwa bingwa wa dunia wa 2023, lakini kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 hakupata medali yoyote. Mwili si mashine. Anayetaka kukimbia miaka kumi lazima akubali siku ambazo mwili unakataa.

DAMU NDIYO GARI LA MIZIGO

Oksijeni unayovuta haiendi kwenye misuli yenyewe tu. Inabebwa na chembe nyekundu za damu. Ukiwa kwenye mita 2,000, kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na mtu aliye pwani. Mwili ukikaa huko kwa wiki nyingi unastuka. Figo zinatoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Hiyo ni sababu moja ya wakimbiaji wengi wa mbio ndefu kuishi na kufanya mazoezi kwenye nyanda za juu.

Ila chembe nyekundu hazitengenezwi kwa hewa tupu. Zinahitaji madini ya chuma, na chuma kinatoka kwenye chakula. Hapa wasichana sikilizeni vizuri, maana kila mwezi mnapoteza damu ya hedhi, na ukikimbia sana bila kula vizuri unaweza kupata upungufu wa damu. Dalili zake ni kuchoka haraka kuliko kawaida, kizunguzungu, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, na weupe ndani ya kope na kwenye viganja. Msichana wa namna hii huambiwa ni mvivu. Mwalimu anamwambia aongeze mazoezi, kumbe anachohitaji ni kupimwa damu!

Wavulana nao hawajasalimika. Malaria inaharibu chembe nyekundu, na kule bondeni mbu hawana likizo. Minyoo ya safura inanyonya damu tumboni. Maji ya ziwa au mfereji yenye konokono yanaweza kukupa kichocho, nacho kinakupotezea damu. Kwa hiyo kulala ndani ya chandarua, kutumia choo, kuvaa viatu na kumeza dawa za minyoo zinapoletwa shuleni ni sehemu ya mazoezi. Ndiyo, ni mazoezi kabisa! Mkimbiaji mwenye malaria hana kocha wa kumsaidia.

Chakula je? Usitafute vya kopo. Makande, yale yale ya nyumbani, ni chakula kizuri cha mkimbiaji. Mahindi yanakupa nguvu, maharage yanajenga misuli na yana chuma. Ongeza mchicha au mboga nyingine za majani, dagaa au samaki, na nyama au maini yakipatikana. Baada ya kula, kula chungwa, embe au papai, maana vitamini C inasaidia mwili kukichukua chuma kilichomo kwenye maharage na mboga. Na chai? Chai nzito ukiinywa pamoja na chakula inazuia chuma kisiingie. Inywe saa moja hivi kabla au baada ya mlo. Jambo dogo tu, halina gharama.

JUA NA MAJI

Marathoni za Budapest na Tokyo zilikimbiwa asubuhi mapema kwa sababu ya joto, na bado joto liliwatesa watu. Kama mabingwa wanaliogopa jua la asubuhi, wewe unakimbia saa nane mchana kwenye tambarare ya Same kwa nini?

Kimbia asubuhi au jioni. Lakini kwa walioko karibu na Ziwa Jipe kuna onyo moja: subiri kupambazuke vizuri. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na alfajiri ndipo anarudi. Tembo nao huvuka kutoka hifadhini. Usikimbie gizani, na usikimbie peke yako. Wasichana hasa, tokeni kwa kundi na mwache taarifa nyumbani njia mnayopita.

Kunywa maji kabla ya kuondoka, na kunywa tena ukirudi. Angalia mkojo wako: ukiwa wa rangi kama chai, maji yamepungua, ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa. Usinywe maji lita kwa lita kwa mkupuo mmoja ukidhani ndiyo dawa. Maji mengi kupita kiasi katika mbio ndefu yanazimua chumvi ya damu, na hiyo pia ni hatari. Kiu yako ni mshauri mzuri.

Mwenzako akianza kuyumba, akaongea maneno yasiyoeleweka, ngozi ikawa moto sana, usimwambie "kaza, bado kidogo". Hiyo ni hatari ya kufa. Mlaze kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, na mtu mmoja akimbilie msaada wa kumfikisha kituo cha afya.

"ETI KUNA DAWA YA KUONDOA UCHOVU"

Tuseme ukweli. Katika milima yetu wapo wanaotafuna mirungi, na wapo watakaokwambia eti ukitafuna hutachoka. Mirungi haiongezi nguvu. Inaziba sauti ya mwili tu. Moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, njaa inapotea, usingizi unapotea. Halafu unaenda kuupandisha mlima moyo ambao tayari unakimbia! Ni sawa na kuvunja taa ya hatari kwenye gari ukasema gari limepona. Tena sheria ya Tanzania inaikataza. Bangi na pombe ni hivyohivyo, havijawahi kumvusha mtu mstari wa mwisho.

Kwa wakubwa wa riadha kuna udanganyifu mwingine. Ile homoni ya figo tuliyoitaja hutengenezwa kiwandani kwa ajili ya wagonjwa, na wapo wakimbiaji wanaojidunga ili damu yao iongezeke. Damu inakuwa nzito, inaweza kuganda ndani ya mishipa, na mtu anaweza kufa usingizini. Mwaka 2022 mshindi wa Sierre-Zinal, mbio maarufu za milimani huko Uswisi, alipimwa akakutwa na dawa zilizokatazwa. Alinyang'anywa ushindi na akafungiwa. Mtu yeyote akikupa kidonge au sindano na kusema "hii ni vitamini tu ya wakimbiaji", kataa. Ukienda mashindanoni, wewe ndiye unayewajibika kwa kila kilichomo mwilini mwako.

ANZA HIVI

Huu ni mpango rahisi kwa mwanafunzi mwenye afya anayeanza. Kama una pumu, ugonjwa wa moyo, selimundu au uliwahi kuzimia ukicheza, muone daktari kwanza.

Kwa wiki nne za mwanzo, kimbia siku tatu tu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, mpaka zitimie dakika ishirini. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima, mwendo ni sawa. Ukiweza maneno mawili tu, umezidisha.

Wiki ya tano hadi ya nane, punguza kutembea mpaka ukimbie dakika ishirini mfululizo kwenye njia tambarare. Siku moja kati ya zile tatu ipeleke kilimani: panda polepole, shuka kwa kutembea.

Baada ya hapo ongeza dakika chache tu kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili mwili upumzike. Lala saa nane au tisa. Misuli haijengwi ukiwa unakimbia, inajengwa ukiwa umelala.

Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Andika kwenye daftari. Ukizoea utaona mapigo yanashuka kadiri miezi inavyokwenda. Siku ukiona yamepanda ghafla kuliko kawaida yako, mwili unakupa taarifa: bado umechoka, au malaria inakunyemelea. Siku hiyo usikimbie.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Nikiwa kwenye hedhi nikimbie?
Ndiyo, kama unajisikia vizuri. Wengine mazoezi mepesi yanawapunguzia maumivu ya tumbo. Ukisikia vibaya, pumzika. Hakuna mtu wa kukulaumu.

Tangu nianze mazoezi makali sipati hedhi. Wenzangu wanasema ndiyo uanariadha.
Hapana! Hiyo ni dalili kwamba chakula unachokula hakitoshi kwa kazi unayoufanyisha mwili, na ikiendelea mifupa inadhoofika. Inawezekana pia kuna sababu nyingine, ikiwemo mimba. Punguza mazoezi, ongeza chakula, na muone muuguzi mapema.

Sina raba. Nikimbie peku?
Wapo wanaokimbia peku na hawaumii, lakini njia zetu zina miiba, mawe na minyoo ya safura. Raba ya mtumba isiyobana na yenye soli nzima inatosha. Kandambili hazifai kabisa, hasa mlimani. Bei ya kiatu haimfanyi mtu bingwa.

Wazazi wanasema kukimbia kutaniharibia masomo.
Kaa nao mpange. Siku tatu za dakika thelathini hazili muda wa kusoma, na mtoto anayefanya mazoezi hulala vizuri na hutulia darasani. Ila ukiacha shule kwa ajili ya mbio, wazazi wana haki ya kukasirika. Bingwa mmoja akiumia mguu kesho, cheti cha kidato cha nne hakiumii.

Nina miaka 17. Nikienda Moshi nikimbie ipi?
Kilimanjaro Marathoni ina pia mbio za kilomita tano. Nenda na hizo. Ukizimaliza ukiwa unacheka, mwaka unaofuata zitakuwa nyepesi zaidi, na hizo kilomita 42 hazihami. Zitakukuta pale pale ukiwa na miaka 22, mifupa imeiva.

Kwa hiyo, msomaji wetu, usione aibu kuanza na dakika moja moja. Kiplangat alikuwa bingwa wa milima akiwa na umri kama wako, na bado alisubiri. Simbu alisubiri miaka minane kutoka shaba mpaka dhahabu, na mwishowe alishinda kwa kitu kidogo kuliko kupepesa jicho. Haba na haba hujaza kibaba.

Jumatatu asubuhi, basi. Kunywa maji, funga kamba za raba, mwite mwenzako. Na usisahau kurudisha chandarua vizuri kitandani kabla hujatoka.